K ikikutana na I

Nafundisha watu wazima kusoma Kiingereza, na muda unaobaki nahariri maandiko ya Kiswahili. Katika kazi hizi mbili, hakuna herufi zinazorudi mezani kwangu kama c na g. Mwanafunzi anasoma "cat" vizuri, anasoma "cup" vizuri, kisha anafika kwenye "city" na anakwama. Anasoma "go" na "gun", halafu "giant" inamtoa njiani. Mara nyingi hukumu hutolewa hapohapo: Kiingereza hakina mpangilio, wakati Kiswahili unakisoma kama kilivyoandikwa.

Hukumu hiyo naipinga kila mara. Si kwamba nakitetea Kiingereza, kinaweza kujitetea chenyewe. Naipinga kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba kulainika kwa k na g, yaani k kugeuka ch au s na g kugeuka j, ni kituko cha wenzetu, kitu cha kukariri tu. Ukweli ni kwamba Kiswahili nacho kimelainisha k yake kwa wingi, mahali palepale na kwa sababu ileile. Tofauti ni kwamba sisi tulipoanza kuandika kwa herufi za Kirumi tuliandika sauti iliyokwisha kulainika, ilhali warithi wa Kilatini walibakiza herufi ya zamani na kuiacha sauti iende zake.

Jaribu mwenyewe. Sema "ku" polepole, halafu usimame kabla hewa haijatoka. Sikiliza ulimi uko wapi: nyuma kabisa, mgongo wake umegusa kaakaa laini, karibu na koo. Sasa sema "ki" na usimame vilevile. Ulimi umesogea mbele, hukuuambia usogee. Irabu i hutamkwa mbele ya kinywa, na ulimi unaijua safari yake mapema, hivyo hautaki kuanzia nyuma kabisa. Rudia "ku, ki, ku, ki" kwa mnong'ono na utausikia ukienda na kurudi. Sasa sema "ki" tena na tena, ukiubana ulimi juu zaidi kila mara. Muda si muda hewa itaanza kukwaruza wakati wa kuachia, na utajikuta unasema "kyi", kisha kitu kilicho jirani kabisa na "chi". Hiyo ndiyo hadithi yote. Wanaisimu huiita ukaakaishaji, na imetokea katika lugha zisizo na undugu wowote, kwa kuwa vinywa ni vilevile.

Majina "ngumu" na "laini" nayo yanahitaji neno moja, hasa kwa aliyesoma fonolojia kidogo. K, ambayo tunaiita ngumu, hutamkwa kwenye kaakaa laini. Ch, ambayo tunaiita laini, hutamkwa kwenye kaakaa gumu. Mwanafunzi makini huchanganyikiwa hapo, na ana haki. Ugumu unaosemwa ni wa sikio: k hukata hewa na kuiachia ghafla, ch huikata kisha huiachia kwa mkwaruzo, na s haiikati hata kidogo. Sauti inavyozidi kulainika ndivyo hewa inavyozidi kupata njia.

Turudi Roma. Katika Kilatini, lugha ya Warumi, cha enzi za Cicero, msemaji maarufu wa Roma aliyeishi mwaka 106 hadi 43 KK, c ilikuwa k popote ilipoandikwa, mbele ya a, mbele ya i, popote. Tunajua hivyo kwa njia kadhaa, na ninayoipenda zaidi ni hii: Wagiriki wa wakati ule walipoandika jina lake walitumia herufi yao ya kapa, yaani k, mara mbili. Kikeron. Sasa mchukue mtu huyo umpitishe kwenye nchi za Ulaya za leo. Waitaliano humwita Chicherone, Wafaransa Siseron, Waingereza Sisero, Wajerumani Tsitsero, na Wahispania wengi wa Hispania huweka th mahali pa c zote mbili. Anayetamka k ya Cicero mwenyewe labda ni mwalimu wa Kilatini tu. Na bado herufi ni zilezile alizoziandika yeye.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati ambayo pengine haijui. Majina ya Agano Jipya yalikuja kwetu kwa sura ya Kigiriki, na Kigiriki kiliihifadhi k. Ndiyo maana tunasoma Kaisari, Makedonia, Kilikia, Kirene, Kipro. Msomaji wa Kiingereza akiona "Cilicia" anatamka s mbele na mkwaruzo mwingine katikati; sisi tunasema Kilikia. Kaisari ni mfano mzuri kuliko yote. Wajerumani walilipokea jina hilo mapema, k ikiwa bado ngumu, na likawa Kaiser. Waingereza wanaandika Caesar na kutamka "Siiza". Warusi walilifupisha likawa tsar. Yote matatu ni jina la mtu mmoja, kila moja limegandia kwenye hatua yake ya kulainika.

Herufi g yenyewe ilizaliwa kutokana na c. Warumi walipata alfabeti yao kupitia kwa Waetruski, jirani zao wa Italia ya kale, ambao lugha yao haikutenganisha k na g, hivyo kwa muda c ilifanya kazi zote mbili. Baadaye, karne ya 3 KK, c iliongezewa kijistari ikawa G. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anamtaja Mrumi Spurius Carvilius kuwa ndiye aliyeileta. Mabaki ya hali ya awali hayakufutika: jina Gaius liliendelea kufupishwa kwa C, na Gnaeus kwa Cn. Kwa hiyo c na g kuishi maisha yanayofanana, zote mbili kulainika mbele ya e na i, si jambo la kushangaza. Zinatamkwa mahali pamoja kinywani, ila g ni ghuna. Weka vidole kooni useme "ka, ga" na utausikia mtetemo wa nyuzi za sauti kwenye ya pili.

Sasa tuje nyumbani kwetu, ndani ya lugha. Kiambishi cha ngeli ni ki-: kitu, kitabu, kisu. Kiweke mbele ya irabu. Ki-akula inakuwa chakula. Ki-ombo inakuwa chombo. Ki-ake ni chake, ki-eusi ni cheusi, ki-ema ni chema. Hakuna mtoto aliyefundishwa kanuni hii. Anaisema akiwa na miaka mitatu. Ile i ya ki- ilipokutana na irabu nyingine ilijikunja ikawa y, k ikapata jirani wa kuivuta mbele, na "kya" ikaishia kuwa "cha". Waganda wako katikati ya njia hiyo kwa maandishi: sisi tunasema "kitabu changu", wao huandika "ekitabu kyange", na ky hiyo ukiisikia ikitamkwa iko karibu sana na ch yetu. Wao walibakiza k kwenye karatasi. Sisi tuliiondoa.

Ndugu wengine wamekwenda mbali zaidi na kulainisha ki- hata inapofuatwa na konsonanti. Kitu chetu ni "chinthu" kwa Kichewa na "icintu" kwa Kibemba, ambako c peke yake husomwa ch. Hata majina ya lugha yanaonyesha mpaka huo: Kiswahili, Kikongo, lakini Chichewa, Chiyao, Chimakonde. Ki- na chi- ni kiambishi kimoja. Ukisimama kati ya Kiswahili na Chiyao umesimama kati ya Kikero na Chicherone.

Kuna mahali pengine ambapo k yetu imelainika, na hapo ndipo darasa langu huwa linachangamka. Chukua kitenzi pika. Mtendaji wake ni mpishi. K imekwenda wapi? Andika hutupa mwandishi. Tumika hutupa mtumishi. Kiishio cha mtendaji ni i, na i imefanya kazi yake. Chukua waka na washa, anguka na angusha, amka na amsha, chemka na chemsha. Katika vitenzi hivi kulikuwa na irabu ya mbele zamani. Yenyewe ilimezwa, ikaacha alama yake kwenye k. Na si k pekee inayoguswa, kwani penda imetoa mpenzi na fuata imetoa mfuasi. Sasa weka mpishi wetu kando ya Mwitaliano. Rafiki mmoja ni "amico", k ngumu. Marafiki ni "amici", yaani "amichi". Waingereza wana "electric" kwa k na "electricity" kwa s. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye daftari lililojaa mistari ya rangi tatu, aliitazama ile safu ya pika na mpishi ubaoni kando ya "electric" na "electricity", akasema, "Mwalimu, kumbe haya mambo tunayo." Baada ya hapo "city" haikumsumbua tena, wala sikumwona akiikariri.

Maneno tuliyokopa yanasimulia kisa hichohicho. Angalia "circus": c mbili, moja laini mbele ya i, moja ngumu mbele ya u. Kiswahili kinasema sarakasi, s ya kwanza na k ya pili, kila moja mahali pake. "Bicycle" nayo ina c mbili, ya kwanza ikifuatwa na y inayofanya kazi ya irabu ya mbele, ya pili ikifuatwa na l. Sisi tunaandika baiskeli: s, kisha k. Aliyeandika baiskeli kwa mara ya kwanza alikuwa ameichambua kanuni nzima kwa sikio tu. Neno sinema lina safari ndefu zaidi. Kigiriki kilikuwa na "kinema", mwendo, kwa k. Wafaransa waliliandika kwa c mbele ya i, na k ikafa hapo. Sisi tukapata sinema. Wajerumani na Warusi wanasema kino. Kwa g tuna injini, jenerali, oksijeni, ajenda, zote zikiwa na j kwa sababu asili yake ni g mbele ya e au i. Na gesi je? Hiyo ilitoka kwenye "gas", g mbele ya a, ikaingia kwetu na ugumu wake, ndipo irabu ikageuka.

Kwa nini basi Kiingereza kinaonekana kuwa na fujo kuliko Kiitaliano? Kwa sababu kimelainika mara mbili, kwa mikono miwili tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, zamani kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza: k mbele ya irabu za mbele ikawa ch, kama yetu. Wajerumani wana Kinn, Waingereza wana "chin". Wajerumani wana Kirche, Waingereza "church", na Waskoti, kwa athari za watu wa Skandinavia, wakabaki na "kirk". "King" ilisalimika kwa sababu irabu yake ya asili haikuwa i. Wajerumani hadi leo wanasema König. Kisha mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, ambacho c laini ilikuwa imeshaelekea kwenye s. Waandishi waliofuata desturi hiyo wakaanza kuandika s hiyo kwa c, wakaita k kazini kulinda sauti ngumu mbele ya i na e, na ile ch ya wenyeji wakaiandika kwa herufi mbili. Kwa hiyo "child", "city" na "king" ni tabaka tatu za historia zilizokaa kwenye ukurasa mmoja.

Hiyo ndiyo sababu pia g ya Kiingereza inasumbua kuliko c. C laini mbele ya e na i karibu haina mwasi. G inao wengi: "get", "give", "gift", "begin". Haya si ya Kilatini, ni maneno ya Kijerumaniki, yaani ya ukoo wa lugha ambamo Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, mengine yakiwa yameguswa na lugha ya watu wa Skandinavia ambao k na g zao hazikuwa zimelainika namna ile. Yaliyotoka Kilatini, Kigiriki au Kifaransa, kama "giant", "gentle", "engine", yanafuata kanuni. Nawaambia wanafunzi: ukiona neno fupi la kila siku lenye g mbele ya e au i, shuku ugumu, ukiona refu la kitabuni, shuku ulaini. Haikosi makosa, lakini inafaa zaidi kuliko orodha.

Lugha zilizobakiza herufi ya zamani zililazimika kubuni njia za kuilinda sauti pale irabu inapotaka kuigeuza. Hapa ndipo watangazaji wa mpira wanaponitesa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kiitaliano hutumia h kukaza: "chi" ni "ki", "ghe" ni "ge". Kwa hiyo beki wa zamani Giorgio Chiellini ni Kiellini, na Federico Chiesa ni Kieza. Ch ile haihusiani na ch ya chakula. Kinyume chake, kocha Carlo Ancelotti ni Anchelotti, kwa kuwa c yake iko mbele ya e bila h ya kuilinda. Lamborghini inahitaji h yake. Bila hiyo ingekuwa Lamborjini. Na i ya kwanza baada ya g katika Giorgio haitamkwi. Imewekwa pale kulainisha g mbele ya o, basi. Tamka Jorjo.

Kifaransa na Kihispania hukaza g kwa u, kama katika jina Guillermo, ambamo g ni ngumu na u ni kimya. Na kwa kulainisha c mbele ya a, o, u, Kifaransa kina c yenye mkia, ile ya François. Wakatalani, wenyeji wa eneo la Barcelona, nao wanayo, na hapa naomba kila anayeandika habari za michezo anisikilize. Barcelona ina c mbele ya e, hivyo ni laini bila msaada. Ukilifupisha jina, e inaondoka na c inakuta a. Ingeachwa hivyo ingesomwa "Barka". Ndiyo maana Wakatalani huandika Barça, kwa mkia, na hutamka Barsa. Ule mkia si pambo. Anayeuondoa kwenye kichwa cha habari anaondoa sauti, na anayetangaza "Barka" ameisoma sawasawa habari iliyoandikwa vibaya. Kwa Kiswahili mimi huandika Barça kwa mkia wake au Barsa kwa herufi zetu, na sikubali kitu cha katikati.

Kiarabu kimepita njia hiyohiyo bila kungoja irabu ya mbele. Herufi yake ya jimu ilikuwa g zamani sana, na sehemu kubwa ya Waarabu leo huitamka j. Wamisri wengi, Cairo hasa, husema g. Jina ambalo sisi tunaliandika Jamal, rais wao wa zamani aliliandika Gamal Abdel Nasser. Ni jina moja.

Kuhusu kujivunia tahajia yetu, nina angalizo moja tu. Kiswahili kiliandika ulaini, lakini hakikuandika mpumuo. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, ilhali kwa wazungumzaji wengi wa pwani mnyama ana pumzi baada ya p na paa la nyumba halina. Kaa la moto na kaa wa baharini ni vilevile. Weka kiganja mbele ya mdomo na umwombe mzee anayetofautisha ayaseme yote mawili. Pumzi itagusa kiganja chako mara moja, si mara mbili. Anayejifunza Kiswahili kwa vitabu tu ni vigumu aijue tofauti hiyo, kwa sababu tahajia ya kawaida haiionyeshi.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu zile picha fupi zinazocheza, GIF. Steve Wilhite, aliyeongoza kazi ya kuziunda mwaka 1987, alisema wazi kwamba g yake ni laini, na mwaka 2013 alipopewa tuzo ya Webby aliitumia nafasi yake jukwaani kulisema hilo tena. Watu wengi hawakumfuata. Kwa Kiingereza pande zote mbili zina hoja, maana neno ni fupi kama "gift" lakini pia g imekaa mbele ya i kama katika "giant", na kwa kuwa ni kifupisho halina ukoo wa kuamua. Waingereza wanaweza kulibishania milele kwa sababu maandishi yao yanaruhusu kusoma vyovyote. Mhariri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akitaka kuliandika kwa herufi zetu lazima achague gifu au jifu, na akishachagua msomaji hana la kubishana. Mimi huandika jifu, kwa kuwa ndivyo alivyolitamka aliyelitoa.